Gari liko sawa kwa kimo, lakini nyuma pagumu kama mkokoteni: shokapu, pampu au gesi?

Swali: “Mtaalamu, habari za kazi. Nina Mercedes-Benz 300 TE ya mwaka 1991, ile steshenwageni, niliyorithi kwa mjomba. Kwa mwaka mzima sasa nyuma pamekuwa pagumu. Nikipita tuta dogo tu, watoto waliokaa kiti cha nyuma wanarushwa. Ajabu ni kwamba gari halijainama. Liko sawa, na hata nikijaza mizigo linajiinua lenyewe kama zamani. Likikaa siku nne au tano bila kuwashwa, nyuma hushuka kidogo, nikiwasha linapanda. Fundi wa kwanza amesema shokapu zimekufa. Wa pili amesema ni pampu, na kwa kuwa oili ilikuwa chini akaongeza ile nyekundu ya giaboksi. Wa tatu ananishauri nitoe mfumo wote wa kujiinua, nifunge shokapu za kawaida kwa springi zilezile, nipumzike. Nimsikilize nani? Na ile oili nyekundu imeshaharibu kitu?”

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kwa ukamilifu. Kuna jambo moja ulilolitaja kama ajabu tu, nalo ndilo lenye jibu: gari ni gumu lakini kimo chake kiko sawa. Ukiniuliza umsikilize fundi gani, nitakujibu kwamba bado hujampata, maana hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyetaja gesi. Na kwa dalili ulizoandika, mimi ningeweka shaka yangu ya kwanza kwenye gesi kabla sijagusa shokapu wala pampu.

Niruhusu nieleze kilichomo huko chini, kwa sababu ukishakijua utaweza kupima mwenyewe, na hakuna fundi atakayekuuzia kipuri usichokihitaji.

Steshenwageni za familia ya gari lako, ambayo Mercedes huiita W124, zilizotoka mwaka 1985, zilikuja zote na mfumo wa kujisawazisha nyuma. Mbele ni springi na shokapu za kawaida. Nyuma pia kuna springi za chuma, moja kila upande, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani gari linabebwa na oili peke yake. Sivyo. Springi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Ila zilitengenezwa laini kwa makusudi, laini kuliko ambavyo gari la kubeba mizigo lingehitaji, ili likiwa tupu lisirukeruke. Upungufu wa nguvu za springi hizo hujazwa na oili iliyo kwenye presha.

Oili hiyo inasukumwa na pampu ndogo. Kwenye injini ya 300 TE yako pampu imefungwa mbele ya silinda hedi na huzungushwa na kemshafti. Inavuta oili kutoka kwenye kitangi chake chini ya boneti, chenye kijiti cha kupimia na chujio ndani, halafu inaipeleka nyuma hadi kwenye valvu ya kimo. Valvu hiyo imefungwa kwenye bodi, na ina mkono mfupi ulioungwa kwa kifimbo na stabilaiza ya nyuma, ile fimbo inayozuia gari kulala upande. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, mkono unageuka, njia inafunguka, na oili inaingia kwenye shokapu zote mbili kuinua gari. Ukipakua, mkono unageuka upande wa pili na oili inarudi tangini. Kimo kikiwa sawa, valvu inafunga njia na pampu inazungusha oili kwenda na kurudi bila kufanya kazi nzito.

Hadi hapo ni habari ya kimo tu. Kunesa ni habari nyingine kabisa.

Gurudumu linapopanda tuta, fimbo ya shokapu inasukumwa juu na oili iliyomo ndani inatafuta pa kwenda. Oili haibanwi; uikandamize utakavyo, ujazo wake ni uleule. Kwa hiyo inakimbilia kwenye tufe la chuma lililofungwa karibu na kila gurudumu la nyuma. Ndani ya tufe kuna kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma iliyolegezwa. Upande mmoja wa kiwambo kuna oili, upande wa pili kuna naitrojeni iliyojazwa kwa presha. Gesi inakubali kubanwa. Oili ikiingia, kiwambo kinasukumwa, gesi inajikunja, kisha inairudisha oili taratibu gurudumu linaposhuka. Huko kujikunja kwa gesi ndiko unakokuhisi kama ulaini ukiwa umekaa kwenye kiti.

Naitrojeni hiyo haikai milele. Hupenya kwenye mpira wa kiwambo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mwishowe kiwambo kinalala ukutani au kinapasuka, na tufe zima linajaa oili. Tangu siku hiyo, oili ya shokapu haina pa kukimbilia. Shokapu inakuwa kama nondo iliyosimamishwa kati ya ekseli na bodi. Lakini pampu haijui hilo, wala valvu haijui. Kazi yao ni kimo, na kimo wanakipata vizuri. Ndiyo maana gari lako linajiinua kama zamani huku likiwarusha watoto.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi likipoteza watu. Siku moja nililetewa gari la aina yako ambalo mwenyewe alikuwa ameshalibadilishia springi, kisha mpira wa kila kiungo cha nyuma, kisha matairi. Nilifungua mlango wa nyuma injini ikiwa inanguruma, nikaweka viganja viwili kwenye kizingiti cha buti na kuegemea kwa uzito wangu wote. Hapakushuka hata kwa unene wa kidole. Gari lote liliyumba juu ya matairi tu, kama unavyosukuma kabati. Tulipofunga matufe mawili mapya na kurudia palepale, kizingiti kilizama chini ya viganja, kikarudi, kikatulia. Mwenye gari alisimama kimya kidogo, kisha akaniuliza kama vile vipuri vyote vya kwanza vilikuwa bure. Springi zake za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Fanya jaribio hilo leo. Simamisha gari mahali tambarare, kagua upepo wa matairi kwanza, maana tairi lililojazwa kupita kiasi nalo huleta ugumu. Washa injini, iache dakika moja au mbili mfumo upate presha. Kandamiza nyuma kwa mikono miwili na uachie. Nyuma pakizama na kurudi mara moja kwa utulivu, gesi bado ipo. Pakigoma kabisa, matufe yamekwisha. Pakishuka na kupanda mara tatu nne kama kitanda cha springi, ndipo nitakapoanza kumsikiliza fundi wa kwanza aliyesema shokapu.

Kisha pima kimo. Injini ikiwa bado inanguruma, waambie watu wazima wawili wakae kwenye buti. Nyuma itashuka, halafu baada ya muda mfupi itaanza kupanda yenyewe. Wakishuka, itabaki juu kidogo halafu itateremka. Usitegemee litokee kwa kasi; oili inapita kidogo kidogo, na ni vizuri hivyo, kwa sababu mfumo unaokurupukia kila shimo barabarani ungekuwa mateso. Ikipanda na kushuka hivyo, basi pampu yako ni nzima na valvu yako inasikia. Maneno ya fundi wa pili yatakuwa yamejibiwa bila kufungua nati hata moja.

Sasa tuje kwenye oili nyekundu, kwa kuwa naona inakusumbua. Mfumo huu una oili yake maalumu ya haidroliki. Kwenye orodha ya Mercedes iko chini ya karatasi namba 343.0. Oili ya giaboksi haimo. Hata hivyo usikose usingizi. Oili ya giaboksi ni jamii moja na hii kwa maana kwamba haili mpira wa sili zako kwa siku chache. Tofauti ni uzito wake na viungo vilivyomo, na mfumo uliotengenezewa oili nyepesi ya aina fulani haupaswi kuendeshwa miaka kwa nyingine. Itoe, safisha mfumo, weka inayostahili. Ingekuwa fundi yule amemimina oili ya breki, ningekuandikia barua ya namna nyingine: oili ya breki huvimbisha na kulainisha sili zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya madini, na hapo hakuna kinachopona, kuanzia pampu hadi paipu za mpira.

Nasema hivyo pia kwa ajili ya wasomaji wenye magari mengine ya ukoo huu, kwa sababu kosa la oili ndilo linaloua magari haya kuliko uzee. Citroën walileta DS mwaka 1955 ikiwa imekaa juu ya oili na gesi pande zote nne. Kuna zilizotumia oili nyekundu iitwayo LHS, baadaye wakahamia ile ya kijani, LHM, ambayo ni ya madini. Hizo mbili hazichanganywi hata tone. Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1965 ilijengwa kwa ujuzi uliotoka kwa Citroën, lakini inatumia oili ya jamii ya breki, wakati Silver Spirit iliyoifuata ilikuja na oili ya madini. Magari mawili ya kiwanda kimoja, yanayofanana ukiyainamia chini, na chupa ya moja ni sumu kwa jingine. Kwenye magari hayo ya Citroën na Rolls-Royce presha hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki, hivyo taa ya onyo ikiwaka kwenye deshibodi unasimama, huendelei hata hatua. Kwako wewe breki ni mfumo mbali, na hilo ni la kushukuru, lakini haliondoi haja ya kuweka kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Swali linalofuata ni kwa nini oili ilikuwa chini hata fundi akaongeza. Hili ningelifuatilia kwa makini kuliko rangi yenyewe. Mfumo huu haunywi oili; ikipungua, imetoka mahali. Shika tochi uangalie sehemu nne. Ya kwanza ni kifuniko cha mpira kilichovaa fimbo ya kila shokapu: kibonye kwa vidole. Kikiwa kikavu na chepesi, sawa. Kikiwa kizito na kinatikisika kama mfuko wa maji, sili ya shokapu imekwisha na oili imejificha humo, na wewe ukikagua sakafu huoni tone. Ya pili ni paipu za chuma zinazopita juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo tope hukaa na kutu hutafuna kimyakimya. Ya tatu ni valvu ya kimo na viungo vyake. Ya nne ni pampu. Sili ya shafti ya pampu ikichoka, oili ya haidroliki inaweza kupenya kuingia ndani ya injini badala ya kuvuja nje. Kwa hiyo ukiona kitangi kinapungua, chini pakavu kila mahali, na oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua, umeshampata mwizi. Hapo fundi wako wa pili atakuwa amegusa pampu kwa bahati, ingawa si kwa sababu aliyoisema.

Angalia na povu kitangini injini ikiwa inanguruma. Povu maana yake hewa inaingia, mara nyingi kupitia mpira wa kuvutia oili ambao umepasuka nyufa ndogo. Mpira huo hauvuji kwa nje kwa sababu unavuta, hausukumi. Ni kipuri cha bei ndogo kinacholaumiwa mara chache.

Kuhusu kushuka kwa gari likikaa siku kadhaa, punguza wasiwasi. Valvu ya umri huo huachia oili kidogo kidogo kurudi tangini, na gari linashuka. Likipanda ndani ya muda mfupi baada ya kuwasha, mimi nisingetoa valvu kwa sababu hiyo peke yake. Ningetoa kama linashuka kwa saa chache, au kama haliwezi kushikilia kimo ukiwa njiani. Lakini kabla ya kuilaumu valvu, kagua kifimbo kinachoiunga na stabilaiza. Vichwa vyake ni vidogo, vinashika kutu, vinalegea, vinakatika. Nimekuta magari yaliyotajwa kuwa na valvu mbovu kumbe kifimbo kimechomoka na mkono unaning'inia. Na jambo jingine: valvu ni moja, inalisha pande zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo gari likiinamia upande mmoja, kulia au kushoto, usiitafute sababu kwenye oili. Tafuta springi iliyovunjika mkia au mpira wa kukalia springi uliolika.

Kuna mafundi wanaorefusha kile kifimbo ili gari lililochoka springi lionekane limesimama vizuri. Linasimama kweli, lakini shokapu sasa zinabeba mzigo wa springi muda wote, na matufe yanakandamizwa hata gari likiwa tupu. Kifimbo ni cha kurekebisha kimo cha gari zima lenye springi nzima, basi.

Ukithibitisha matufe yamekufa, badilisha yote mawili siku moja, hata kama moja linaonekana lina uhai. Nunua kwa namba ya kipuri, usinunue kwa kufananisha kwa macho: matufe mawili yanayolingana umbo na uzi yanaweza kuwa na presha tofauti ndani, na gari likawa gumu au likalegea bila wewe kuelewa. Uliza pia tarehe ya kutengenezwa. Nimekwambia gesi hupungua hata gari limeegeshwa. Hupungua vilevile tufe likiwa kwenye boksi lake rafuni. Tufe “jipya” lililokaa dukani miaka mingi si jipya. Na matufe ya zamani usiyapashe moto, usiyakate, usiyatoboe. Hata lililokufa linaweza kuwa na mabaki ya gesi yenye presha.

Siku hiyohiyo ya matufe ndiyo siku ya kusafisha oili, kwa sababu matufe yaliyojaa oili chafu yanaondoka nayo. Kazi huanza kwa kuondoa presha: kwenye valvu ya kimo kuna skrubu ndogo ya kutolea, unaivisha mpira unaopitisha mwanga, unautumbukiza kwenye chupa, unafungua polepole injini ikiwa imezimwa. Usilegeze paipu yoyote kabla ya hapo. Presha ya humo inazidi mara nyingi ile ya tairi, na mchirizi mwembamba wa oili ya presha kubwa unaweza kutoboa ngozi ukaingia mwilini. Kidonda huwa kidogo kama cha sindano na hakiumi sana mwanzoni, na hapo ndipo penye hatari. Likikutokea, nenda hospitali saa ileile, usingoje kesho, na waambie waziwazi kuwa ni oili ya presha. Usipapase kwa kidole kutafuta panapovuja. Tumia kipande cha boksi.

Kumbuka pia kwamba ukifungua skrubu ile, bodi inashuka. Kwa gari lako itashuka kiasi kwa sababu springi zipo. Kwa Citroën inashuka mpaka mwisho, na watu wamepondwa. Kwa hiyo kichwa na mikono visiwe kati ya gurudumu na bodi, na gari lisimame kwa matairi yake juu ya shimo au rampu imara, si kwa jeki. Hata kwa ajili ya kazi yenyewe ni bora hivyo, maana ekseli ikining'inia valvu inasoma kimo cha uongo.

Fyonza oili ya kitangi, badilisha chujio, jaza mpya. Funga matufe na sili mpya za viungo, ukitumia spana ya kuzunguka nati ya paipu ili usiile kona. Washa injini, mwenzako akiongeza oili juu bila kuacha kitangi kikauke hata kwa dakika moja, kwa kuwa pampu inalainishwa na oili hiyohiyo. Utaiona ndani ya mpira: kwanza inakuja nzito ya rangi ya kahawa, kisha inachanganyika na mishipa myekundu, kisha vipovu, kisha inang'aa kama asali nyepesi. Funga skrubu, acha gari lipande, zima, litoe tena, rudia. Oili iliyobaki ndani ya shokapu haitoki kwa mara moja. Lita mbili au tatu zikiisha hivyo, usizione zimepotea.

Mwisho pima kwa kijiti, gari likiwa tupu na mahali tambarare, kama kitabu kinavyoelekeza. Usipime gari limepakiwa, maana oili imeshahamia nyuma kuinua mzigo. Ukiongeza hapo, siku ya kupakua itafurika.

Nije kwa fundi wa tatu na ushauri wa kutoa mfumo. Sitamkejeli, kwa sababu kuna hali ambayo mimi mwenyewe nimewashauri watu hivyo: pale ambapo pampu, valvu na shokapu zote mbili zimekwisha kwa pamoja, vipuri havipatikani, na mwenye gari habebi mizigo. Lakini kwa namna alivyokueleza, “springi zilezile”, hapana. Nilikuambia springi hizo ni laini kwa makusudi. Ukiondoa oili, ukafunga shokapu za kawaida, gari litakaa chini hata likiwa tupu, na likipakiwa litagonga mipira ya kikomo kila shimo. Kufanya kazi hiyo kwa haki kunadai springi ngumu zaidi, shokapu zenye vishikizo vinavyolingana, na pampu kutolewa na tundu lake kuzibwa vizuri, kwa sababu inazungushwa na injini na haiwezi kuachwa izunguke kavu. Ukijumlisha hayo, mara nyingi umeshapita gharama ya matufe mawili na oili. Na baada ya hapo ukipakia, mkia unashuka, taa za mbele zinawamulika wanaokuja machoni, na gari linapoteza kitu ambacho wahandisi wake walikifanya kwa umakini mkubwa.

Kuna na chaguo la nne ambalo hukulitaja lakini wengi hulichukua: kuvumilia. Naomba usivumilie. Kila tuta unalopita na tufe lililokufa, oili inayokosa pa kwenda inapiga kama nyundo kwenye sili za shokapu, kwenye valvu, kwenye viungo vya paipu na kwenye vishikizo vya bodi. Matufe ndiyo vipuri vya bei ya chini katika mfumo huu. Shokapu na valvu ni ghali, tena huchukua muda kupatikana. Huenda upungufu wa oili ulioukuta umeanzia hapo, sili imechoshwa na kupigwa.

Kwa hiyo ningeenda hivi: jaribio la kukandamiza leo, tochi na kubonya vifuniko vya shokapu kesho mchana, halafu matufe na oili. Lipeleke gari kwa fundi aliyewahi kufungua mfumo huu kwa mikono yake, ana kwa ana, iwapo utaona kitangi kinapungua na huoni panapotoka, iwapo paipu ya juu ya ekseli ina unyevu au magamba ya kutu, iwapo gari halipandi kabisa na oili ipo, au iwapo baada ya matufe mapya bado unasikia mgongano mkavu wa chuma nyuma. Huo wa mwisho mara nyingi ni kishikizo cha juu cha shokapu au kiungo cha chini, na hauwezi kuamuliwa kwa maandishi. Lazima mtu alale chini wakati mwingine anatikisa gari.

Ukimpata fundi huyo, muulize swali moja kabla hujampa ufunguo: akifungua skrubu ya valvu, gari litafanya nini? Akikujibu kwamba litashuka, na akakuonyesha atakaposimama wakati linashuka, mwachie gari. Na baada ya wiki mbili za kutembea, toa tena oili kidogo kwenye mpira uitazame. Ikiwa bado ina wekundu, rudia kusafisha mara ya pili.